Je, magari ya spoti yanayobana mafuta yanaitia hofu sekta ya mafuta?

Swali: Rafiki yangu anashikilia kwamba magari ya spoti yanayobana mafuta, yale ya injini ndogo za turbo (kifaa kinachozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), ya mseto (yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme) na ya umeme, yameanza kuzitikisa kampuni za mafuta. Mimi naona anatia chumvi. Kila nikimbishia ananijibu kwamba haba na haba hujaza kibaba. Nani kati yetu yuko sahihi? Na kama si magari hayo, kampuni hizo huogopa nini hasa?

Jibu: Ukihesabu kwa lita, wewe uko sahihi, tena kwa mbali. Rafiki yako naye anayo hoja nzito, ila siyo hiyo ya haba na haba, na nitaifikia tukishamaliza hesabu. Katika kazi yangu ya kuchambua mahitaji ya mafuta nimeona mjadala huu ukianzia kwenye gari lenyewe karibu kila mara: lina silinda ngapi, linakwenda kilomita ngapi kwa lita moja. Kampuni za mafuta hazianzii hapo. Zenyewe huuliza magari ya aina hiyo yako mangapi, na kila moja hutembea kiasi gani kwa mwaka. Gari linaloshinda limeegeshwa halinunui mafuta, hata liwe na injini ya silinda kumi na mbili.

Dunia hutumia takriban mapipa milioni 100 ya mafuta kila siku, na miaka ya karibuni kiwango hicho kimepitwa kidogo. Pipa moja ni lita 159. Karibu robo ya mafuta yote huchomwa na magari madogo ya abiria. Yanayobaki huenda kwenye malori, meli, ndege, viwanda, plastiki, lami na mitambo ya kupasha joto majumba. Sasa tazama idadi ya magari ya spoti. Mwaka 2023 Ferrari ilipeleka kwa wateja magari 13,663 dunia nzima. Lamborghini ilipeleka 10,112. Porsche 911, ambayo kwa gari la aina yake inauzwa kwa wingi sana, ilifikia takriban 50,000. Mwaka huohuo magari mapya ya abiria yaliyouzwa duniani yalizidi milioni 70. Na yale yaliyosifiwa zaidi kwa teknolojia ya mseto ni machache kuliko hayo: McLaren P1 yalitengenezwa 375 tu, na Porsche 918 Spyder, kama jina lenyewe linavyosema, yalikuwa 918.

Tumpe rafiki yako nafasi kubwa kuliko anayostahili. Tuseme watu milioni moja wameachana na magari ya spoti yanayotumia lita 14 kwa kilomita 100, wakachukua yanayotumia lita 10. Hayo ni mabadiliko makubwa. Tuseme pia kila mmoja huendesha gari hilo kilomita 8,000 kwa mwaka, ingawa wengi wenye magari haya huyatoa siku za mapumziko tu. Kila mmoja ataokoa lita 320, yaani mapipa mawili. Wote kwa pamoja wataokoa mapipa milioni mbili kwa mwaka mzima. Dunia hutumia zaidi ya mapipa milioni nne kwa saa. Kwa hiyo madereva milioni moja, kwa mwaka mzima wa kubana mafuta, watakuwa wameokoa kiasi ambacho dunia inakimaliza kwa nusu saa.

Nusu saa haimkoseshi mtu usingizi katika kampuni yoyote ya mafuta. Meli moja kubwa kabisa ya mafuta ghafi hubeba takriban mapipa milioni mbili, kwa hiyo akiba yote hiyo ni shehena ya meli moja. Dhoruba ikichelewesha meli chache bandarini, tofauti ya namna hiyo hutokea na kusahaulika wiki hiyohiyo.

Methali ya rafiki yako haina kosa, ila kibaba hujazwa na haba zilizo nyingi. Magari madogo yaliyoko barabarani duniani yamezidi bilioni moja. Chukua bilioni moja tu, uyapunguzie nusu lita kwa kila kilomita 100, kiasi ambacho dereva hawezi hata kukihisi. Kama kila gari linatembea kilomita 12,000 kwa mwaka, litaokoa lita 60. Jumla yake ni lita bilioni 60, sawa na takriban mapipa milioni moja kwa siku, kila siku ya mwaka. Hapo sasa kampuni za mafuta zinaitisha vikao. Nusu lita hiyo haitoki kwenye gari lenye bawa nyuma. Inatoka kwenye matairi yanayoviringika kwa wepesi, gia zilizopangwa vizuri, injini inayojizima gari likisimama kwenye foleni, na mabati mepesi kwenye magari ya kawaida ambayo hakuna anayeyapiga picha.

Malori nayo husahaulika kabisa katika mjadala huu, na hilo hunisikitisha. Lori la masafa marefu linaweza kutembea kilomita 100,000 kwa mwaka, huku likitumia lita 30 au zaidi kwa kila kilomita 100. Ukilipunguzia asilimia kumi tu, kwa mfano kwa kulifunika vizuri pembeni ili upepo usilishike na kumfundisha dereva kutuliza mwendo, umeokoa lita 3,000 kwa mwaka. Lori moja hapo limefanya kazi ya magari ya spoti tisa ya ule mfano wetu, tena bila kubadilishiwa injini.

Kuna jambo la kisheria ambalo mashabiki wa magari haya huambiwa kwa nadra, na kwangu lina uzito kuliko hesabu zote za hapo juu. Katika Umoja wa Ulaya, gari moja moja haliwekewi kikomo. Kampuni hupimwa kwa wastani wa kaboni dioksidi inayotoka kwenye magari yote mapya iliyoyauza mwaka huo. Lengo la jumla lililoanza kutumika 2020 na kukamilika 2021 lilikuwa gramu 95 kwa kilomita, ambazo kwa gari la petroli ni kama lita nne na kidogo kwa kilomita 100. Chini ya lengo hilo, kampuni iliyouza magari mazito ilipewa lengo lililolegezwa kidogo, na ile iliyouza magari mepesi ilibanwa zaidi. Marekani nayo hutumia wastani wa kampuni katika sheria yake ya matumizi ya mafuta.

Fikiria maana yake. Kampuni ikitoa gari la spoti linalotumia mafuta kidogo, wastani wake unashuka, na inapata nafasi ya kuuza gari jingine zito bila kuvuka mstari. Akiba ya gari la kwanza inaliwa na la pili, na mapipa yanabaki yaleyale. BMW i8 ni mfano mzuri. Ilianza kuuzwa 2014 ikiwa na injini ya lita 1.5 yenye silinda tatu ikisaidiwa na mota ya umeme, na vipimo rasmi vya wakati huo viliipa lita 2.1 kwa kilomita 100 na gramu 49 za kaboni dioksidi kwa kilomita. Sheria ya Ulaya ya mwaka huo ilitoa zawadi kwa magari yaliyo chini ya gramu 50: kila moja lilihesabiwa kama magari mawili na nusu katika kutafuta wastani. Kampuni haikuvunja sheria yoyote. Sheria yenyewe ndiyo iliyoandikwa hivyo, kwa nia ya kuchochea teknolojia mpya. Hadi uzalishaji wake ulipokoma 2020, i8 zilizotengenezwa zilikuwa zaidi kidogo ya 20,000. Lile gari zuri la buluu na fedha lililosifiwa kwa kubana mafuta lilikuwa pia kibali kidogo cha kuuza magari mengine makubwa. Watengenezaji wadogo kabisa wa magari ya spoti wana mlango wao: anayesajili chini ya magari 1,000 kwa mwaka barani Ulaya halazimiki kufikia lengo, na aliye chini ya 10,000 ameruhusiwa kuomba lengo lake maalumu.

Halafu vipimo rasmi na barabara ni vitu viwili. Gari la mseto la kuchomeka kwenye umeme hutumia petroli kidogo kama mwenyewe analichaji kila siku. Asipolichaji anabeba betri nzito bure. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilitoa takwimu zilizokusanywa kutoka kwenye kompyuta za magari yenyewe, na ikaonekana kwamba magari ya aina hiyo hutoa kaboni dioksidi takriban mara tatu na nusu ya ile iliyoandikwa kwenye vyeti vyake. Kampuni za mafuta hazisomi vyeti. Zinasoma mauzo ya vituo vya mafuta.

Wakati sisi tunatazama magari ya spoti, soko lote la magari limekuwa likienda upande wa pili. Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lilieleza kwamba mwaka 2023 karibu nusu ya magari mapya ya abiria duniani yalikuwa SUV, yale magari marefu na mazito ya familia, na kwamba zaidi ya milioni 360 yalikuwa tayari barabarani. SUV ya kawaida ina uzito wa kilo 200 hadi 300 zaidi ya gari la ukubwa wa kati, na ina uso mpana wa kugongana na upepo. Tuseme kila moja inatumia lita moja na nusu zaidi kwa kilomita 100, na inatembea kilomita 12,000 kwa mwaka. Ukizidisha kwa milioni 360 unapata nyongeza ya zaidi ya mapipa milioni moja kwa siku. Baadhi ya hizo ni za umeme, kwa hiyo punguza kidogo. Hata hivyo kilichobaki kinameza akiba ya magari ya spoti karibu mara mia mbili. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu wahandisi wamefanya kazi nzuri mno kwenye injini kwa miaka thelathini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imetumika kubeba mabati zaidi.

Sasa nigeukie hoja nzito ya rafiki yako. Angeweza kukuambia hivi: usihesabu lita za gari la spoti, hesabu lita za magari yote yatakayokuja kuiga teknolojia yake. Hoja hii ina ukweli, lakini historia inaionyesha kuwa ya polepole kuliko mashabiki wanavyodhani. Mercedes-Benz 300 SL, ile ya milango inayofunguka kwenda juu, ilitoka 1954 ikiwa gari la kwanza la kuuzwa kwa umma lenye injini ya petroli ya mipigo minne inayopuliziwa mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Lengo lilikuwa nguvu. Teknolojia hiyo ilirudi kwenye magari ya kawaida kwa wingi baada ya Mitsubishi kuitumia 1996, miaka arobaini na zaidi baadaye, wakati vifaa vya elektroniki vilipoweza kupima dozi ya mafuta kwa umakini. Gia za klachi mbili zilijaribiwa na Porsche kwenye magari ya mashindano miaka ya 1980, na zikawafikia wanunuzi wa Volkswagen Golf mwaka 2003. Turbo nayo ilipitia njia ya namna hiyo, kutoka kwenye magari ya kasi miaka ya 1970 hadi kwenye injini ndogo za familia zinazotumia mafuta kidogo.

Lakini teknolojia iliyookoa petroli nyingi kuliko zote hizo ilisafiri kinyume. Mfumo wa mseto ulianza kuuzwa kwa wingi mwaka 1997 kupitia Toyota Prius, gari la familia lisilo na mbwembwe zozote. LaFerrari ya mseto ilikuja 2013, na Honda NSX ya mseto ikafuata 2016. Gari la spoti ndilo lililojifunza kutoka kwa gari la kwenda kazini, tena likakitumia kile lilichojifunza kwa ajili ya kasi. Mwaka 2024 Porsche ilileta 911 yenye mota ya umeme ndani ya turbo, kazi ya uhandisi ambayo naistahi sana. Nguvu ya gari iliongezeka, lakini bado hutumia takriban lita 10 hadi 11 kwa kilomita 100. Mnunuzi wa gari la spoti akipewa injini yenye ufanisi zaidi, anachochukua ni mwendo. William Stanley Jevons, mchumi wa Uingereza, aliona jambo linalofanana mwaka 1865 alipoandika juu ya makaa ya mawe: mashine iliyotumia makaa kwa ufanisi zaidi iliongeza jumla ya makaa yaliyochomwa, kwa kuwa watu walipata sababu ya kuitumia zaidi. Kwa magari ya kawaida athari hiyo ni ndogo na haifuti akiba yote. Kwa magari ya spoti ufanisi mara nyingi hugeuka nguvu kabla haujafika kwenye bomba la mafuta.

Mashindano ya Formula 1 yanatoa somo hilohilo. Kuanzia 2014 magari yake yalipewa injini za mseto za lita 1.6 na kikomo cha kilo 100 za mafuta kwa mbio moja, wakati kabla ya hapo yalikuwa yakitumia takriban kilo 150. Mwaka 2017 Mercedes ilitangaza kwamba injini yake ilikuwa imevuka ufanisi wa asilimia 50 kwenye mtambo wa kupimia, ilhali injini nzuri za petroli za barabarani hufika karibu asilimia 40 zikiwa kwenye hali yake bora. Hayo ni mafanikio makubwa ya binadamu katika kuchoma petroli. Lakini kifaa kimoja kilichosaidia kufika hapo, kile cha kuvuna joto la moshi kupitia turbo, kiliondolewa kwenye kanuni za 2026 kwa sababu ni cha ghali mno na hakikupata njia ya maana kwenda kwenye magari ya watu. Angalia pia majina yaliyobandikwa kwenye magari hayo: Petronas, Shell, Aramco. Kampuni za mafuta ndizo zinazolipia sehemu ya sherehe hiyo. Zingekuwa zinaona hatari kwenye magari ya kasi yenye ufanisi, zisingekuwa zinayavisha rangi zao.

Kuna gari moja la spoti ambalo kwangu lilibadilisha kitu kweli, nalo ni Tesla Roadster. Lilionyeshwa 2006 na kuanza kufikishwa kwa wateja 2008, likiwa limejengwa kwa msingi wa Lotus Elise. Yaliuzwa takriban 2,450 tu hadi 2012. Kwa petroli iliyookolewa hayahesabiki hata kidogo. Ndani yake kulikuwa na seli ndogo 6,831 za lithiamu, za aina iliyotumika kwenye kompyuta za mapajani, na lilikwenda karibu kilomita 400 kwa chaji moja. Kabla yake gari la umeme lilichukuliwa kama kitu cha uwanja wa gofu. Bob Lutz, aliyekuwa makamu mwenyekiti wa General Motors, alisema waziwazi kwamba Roadster ndiyo iliyompa nguvu ya kuwabana wahandisi wake waliodai betri za lithiamu zingechukua miaka kumi. Chevrolet Volt, gari la General Motors la kuchomeka kwenye umeme, ikaonyeshwa mapema 2007. Tesla yenyewe ikaja na Model S mwaka 2012, Model 3 mwaka 2017, na mwaka 2023 Model Y ikawa gari lililouzwa kuliko jingine lolote duniani.

Hapo rafiki yako ana haki ya kutabasamu. Gari la spoti lilifanya kazi ambayo gari dogo la bei nafuu lisingeweza kuifanya wakati ule: betri zilikuwa ghali mno, na aliyekuwa tayari kuzilipia ni mnunuzi wa gari la kifahari tu. Lilizua tamaa, na tamaa ikaleta mtaji. Lakini tusiishie hapo. China ilianza kutoa ruzuku kwa magari ya umeme tangu 2009, ikajenga viwanda vya betri kwa ukubwa usio na mfano, na bei ya betri ikaporomoka kwa takriban asilimia 90 katika miaka kumi na kidogo. Bila viwanda hivyo, Roadster ingebaki kumbukumbu ya wakusanyaji. Na kilichokuwa na maana kwa kampuni za mafuta ni Model Y na magari ya BYD, kampuni ya China, yanayobeba watoto kwenda shule kila asubuhi.

Kuhusu hofu ya kampuni za mafuta, ukitaka kuielewa tazama jinsi bei inavyoamuliwa na mapipa machache ya pembezoni. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100. Mapema 2016 lilikuwa limeshuka chini ya dola 30. Mahitaji ya dunia hayakuwa yameanguka, yaliendelea kukua. Kilichotokea ni kwamba uzalishaji wa Marekani uliongezeka kwa kasi, OPEC, muungano wa nchi zinazouza mafuta nje, ikakataa kupunguza wake mwezi Novemba 2014, na ziada ya kati ya mapipa milioni moja na mbili kwa siku ikatosha kuangusha bei kwa zaidi ya theluthi mbili. Ziada hiyo ilikuwa asilimia moja au mbili tu ya soko. Na Aprili 2020, watu walipofungiwa ndani na maghala kujaa, mkataba wa mafuta ya Marekani uliuzwa kwa siku moja chini ya sifuri, dola 37 na senti 63 hasi kwa pipa. Ndiyo maana mapipa milioni moja ya magari ya kawaida ni habari kubwa, na mapipa milioni mbili kwa mwaka ya magari ya spoti si habari.

Kushuka kwa mahitaji kulikowahi kuiumiza sekta hii kwa muda mrefu kulitokea kati ya 1979 na 1983, matumizi ya dunia yalipopungua kwa takriban asilimia 10. Sehemu kubwa ilitokana na jambo lisilosisimua hata kidogo: mitambo ya kufua umeme na tanuri za viwandani ziliacha mafuta mazito na kuhamia makaa ya mawe, nyuklia na gesi. Pamoja na hayo, sheria ya Marekani ya 1975 ilikuwa imezitaka kampuni zifikishe wastani wa magari mapya kwenye takriban lita 8.6 kwa kilomita 100 ifikapo 1985, yaani karibu nusu ya matumizi ya 1974. Saudi Arabia ilijaribu kulinda bei kwa kupunguza uzalishaji wake kutoka karibu mapipa milioni 10 kwa siku mwaka 1980 hadi chini ya milioni 4 mwaka 1985. Ilipochoka kubeba mzigo huo peke yake, bei ikaporomoka 1986. Pigo lile halikutoka kwenye gari moja la kuvutia. Lilitoka kwenye matanuri, na kwenye mamilioni ya magari ya familia yaliyobanwa na sheria moja.

Leo shinikizo la kweli linatoka sehemu tatu. Kwanza, magari ya umeme ya kawaida: mwaka 2024 yaliuzwa zaidi ya milioni 17, na nchini China karibu nusu ya magari mapya yalikuwa ya kuchomeka. IEA inakadiria kwamba vyombo vyote vya umeme vya barabarani viliondoa zaidi ya mapipa milioni moja kwa siku mwaka huo. Pili, pikipiki na bajaji za umeme, ambazo China pekee ina mamia ya milioni ya zile za magurudumu mawili. Tatu, malori ya China yanayohama kutoka dizeli kwenda gesi asilia iliyosindikwa kuwa kimiminika, na sasa umeme. Hili la tatu ndilo naona linastahili macho zaidi. Msafishaji mafuta hawezi kuamua kutoa bidhaa moja tu: pipa la mafuta ghafi hutoa petroli, dizeli, mafuta ya ndege na malighafi za plastiki kwa pamoja. Mahitaji ya petroli yakipungua na ya dizeli yakabaki, kiwanda kitaendelea kusukuma mafuta ghafi na kuishusha petroli bei. Yakipungua yote mawili, kiwanda kinakosa pa kukimbilia isipokuwa ndege na plastiki, na ndiyo sababu kampuni kubwa zinawekeza sana kwenye viwanda vya kemikali.

Usitarajie mambo hayo yatokee kwa ghafla. Nchini Norway karibu magari tisa kati ya kumi mapya yaliyouzwa 2024 yalikuwa ya betri, lakini magari ya zamani bado yako barabarani, na malori na mashine za ujenzi bado zinakunywa dizeli. Nchini Marekani wastani wa umri wa gari umepita miaka 12. Kwa hiyo, ukitaka kufuatilia jambo hili kama wanavyolifuatilia watu wa sekta, acha habari za maonyesho ya magari. Fuata mauzo ya petroli na dizeli ya China na Marekani, sehemu ya SUV katika magari mapya, na kanuni za malori zinapobadilishwa.

Na rafiki yako akisema anataka kununua gari la spoti linalobana mafuta, mwache anunue kama analipenda. Ataokoa fedha zake na hatamdhuru mtu. Mwulize tu ni gari gani jingine lililopo nyumbani kwake. Wenye gari la spoti mara nyingi wana la pili la kila siku. Kama hilo la pili linatembea kilomita 20,000 kwa mwaka kwa lita 9, akilibadilisha na la lita 6 ataokoa lita 600 kwa mwaka, karibu mara mbili ya zile 320 za gari la spoti.